Ukizima Kompyuta, Nani Atakufokea?

Kuna monita moja niliwahi kuikuta ofisini ina stika mbili. Ya juu ni mpya, ya kijani, ina kajani kadogo pembeni, imeandikwa ZIMA UKITOKA, TUNZA MAZINGIRA. Ya chini imeshapauka, gundi imeanza kuachia kona moja, imeandikwa kwa mkono TAFADHALI USIZIME, APDETI HUFANYIKA USIKU. Zote mbili tulibandika sisi watu wa IT, na ile ya chini nadhani ni mwandiko wangu. Kompyuta yenyewe ilikuwa inawaka, saa mbili usiku, ofisi nzima hakuna mtu, feni inavuma taratibu kama vile kuna kazi inafanyika humo ndani.

Nilikuwa nazunguka kuhesabu, manake ndio tulikuwa tumetoka kwenye kampeni. Tulituma barua pepe kwa wote, mkuu akaongea dakika tano kwenye mkutano kuhusu mazingira na vizazi vijavyo, watu wakapiga makofi, stika zikagawiwa. Wiki mbili baadaye nikasema hebu nikae mpaka usiku nione matunda. Niliacha kuhesabu zinazowaka kabla sijamaliza ghorofa ya kwanza, ilikuwa rahisi zaidi kuhesabu zilizozimwa na hizo hazikumaliza vidole vya mkono mmoja.

Kesho yake nikaenda kwa mwenye ile monita ya stika mbili, dada mmoja wa uhasibu, mtu makini kweli, ndiye huwa anazima taa za chooni wengine wakisahau. Nikamuuliza dada mbona huzimi? Akanitazama kama mtu aliyesubiri swali hilo muda mrefu. "Kaka, mimi niliwahi kuizima. Asubuhi nawasha ikaanza apdeti, asilimia kumi, asilimia kumi na moja, nimekaa naitazama tu, na bosi anataka orodha ya malipo saa mbili na nusu. Nilifokewa mbele za watu. Sasa nikiiacha inawaka usiku kucha, nani atanifokea?"

Sikuwa na jibu, na hata sasa nikisoma makala za kompyuta na mazingira naona nyingi zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kuulizwa hilo swali. Zote zinaanza kwa kudhani mfanyakazi hajui, kwa hiyo aelimishwe, apewe semina, atumiwe bango. Lakini yule dada anajua, anajua kuliko aliyechora kale kajani. Ukitaka kuujua utamaduni wa ofisi yoyote usisome yaliyowekwa kwenye fremu pale mapokezi, angalia mtu anafokewa kwa lipi na kwa lipi hafokewi. Kwenye ofisi nyingi nilizopita, kuchelewesha ripoti dakika ishirini ni kosa, kuacha kompyuta inakula umeme miaka mitatu mfululizo usiku na mchana si kosa, wala hakuna anayeona. Basi watu wanafuata hesabu hiyo, na wana akili timamu kabisa.

Hesabu ya umeme yenyewe si ngumu. Chukua kompyuta ya mezani na monita yake, zikiwa zimewaka bila kazi tuseme zinakula wati 60, ziko zinazokula zaidi na laptopu zinakula kidogo sana kuliko hapo. Wiki ina saa 168, mtu yuko mezani saa 45 hivi, saa 123 zilizobaki kompyuta inajiwakia yenyewe. Hiyo ni kilowati saa 7 na ushee kwa wiki, kwa mwaka wa wiki 50 unakaribia 370, kwa mashine moja tu. Ofisi yenye mia unazungumzia 37,000 hivi. Mashine ileile ikilala, yaani ile hali ya kusinzia ambayo ukigusa kibodi inaamka na kila kitu chako kiko palepale, inakula wati moja mbili, tuseme mbili, mwaka mzima hazifiki kilowati saa 13. Tofauti yote hiyo iko kwenye setingi moja, inayobadilishwa na mtu mmoja, akiwa amekaa.

Na hapa ndipo napogombana na wenzangu wa kampeni. Kuna utafiti wa Johan Egebark na Mathias Ekström, ulichapishwa 2016, walifanya majaribio ya printa kwenye chuo kikuu kimoja cha Sweden. Kuna mahali watu waliombwa kwa ujumbe wapunguze karatasi, na kuna mahali printa zilibadilishwa tu zikawa zinachapa pande mbili zenyewe, anayetaka upande mmoja anachagua. Ujumbe haukufanya kitu. Setingi ilipunguza karatasi kwa asilimia 15 hivi, bila mtu kuhubiriwa, na hakuna aliyenyang'anywa uhuru wake manake kile kitufe cha upande mmoja kilikuwa palepale. Mimi huo utafiti nauheshimu sana kwa sababu unasema jambo ambalo watu wa IT hatupendi kulisikia, kwamba tabia tunayomlaumu mtumiaji mara nyingi tulimpangia sisi, siku ile tunampa mashine na setingi zake.

Sasa kwa nini IT wenyewe hawaweki kompyuta zilale baada ya dakika 15? Nimekaa upande huo, nakwambia ukweli, ni hofu ileile ya yule dada ila imevaa tai. Mashine ikilala, apdeti haziingii usiku, ripoti ya usalama inaonyesha nyekundu, mkaguzi akija anauliza kwa nini kompyuta kadhaa hazijapata viraka, yaani marekebisho ya usalama, vya mwezi huu, na wa kujibu ni wewe. Umeme ukipotea hakuna mkaguzi anayeuliza. Ufumbuzi wa kiufundi upo siku nyingi, kadi ya mtandao inaweza kuamsha mashine iliyolala saa nane usiku, ikapokea apdeti, ikalala tena, hata Windows yenyewe inaweza kupangiwa iamke. Ila hiyo ni kazi, inabidi mtu aingie kwenye mipangilio ya mashine moja moja zile za zamani, ajaribu, kuna zitakazoamka na kuna zitakazokataa, kuna moja itaamka yenyewe kila dakika kumi kama ina pepo na utakuja kugundua ni kipanya cha waya kinatikiswa na feni. Nani atakupa wiki tatu za kufanya hivyo? Kwenye malengo yako ya mwaka hakuna mstari wa umeme. Kuna mstari wa "tiketi zilizofungwa", yaani matatizo ya watumiaji uliyoyamaliza, na kuna mstari wa "huduma kutokukatika".

Halafu kuna suala la bili, ambalo ni la kuchekesha ukilitazama vizuri. Kitengo cha IT kinanunua mashine lakini bili ya umeme inaenda kwa watu wa majengo. Mtu wa manunuzi anapimwa kwa bei aliyoipata siku ya kununua, kwa hiyo akichagua mashine ya bei ya chini inayokula umeme zaidi amefanya vizuri kwenye karatasi yake, na watu wa majengo wanaona bili inapanda wanafikiri ni viyoyozi. Kila mmoja yuko sahihi mezani kwake. Nguvu nyingi za semina zinamwagwa kwa wafanyakazi wa kawaida huku ni nadra mno mtu wa IT, wa manunuzi na wa majengo kukaa chumba kimoja na ile bili iko mezani. Nimeshuhudia mara moja hicho kikao kikifanyika, hakikuchukua hata saa nzima, na mtu wa majengo alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba chumba cha seva kinapozwa usiku kucha kwa sababu kuna mashine mbili humo zisizotumika na yeyote.

Ngoja nizungumzie hizo seva, yaani zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, manake ndiko kwenye uchafu wa kweli. Mwaka 2015 Jonathan Koomey na Jon Taylor walichambua data za seva kama 4,000 kwenye makampuni mbalimbali, wakakuta asilimia 30 zilikuwa zimekufa huku zinapumua, yaani hazijafanya kazi yoyote ya maana kwa miezi 6 au zaidi, na zote zimewashwa. Watu wakiisikia hiyo wanashangaa, sisi tuliokaa vyumba vya seva hatushangai hata kidogo. Seva inazaliwa kwa sababu, mradi fulani, mtu fulani aliiomba, mradi ukafa, mtu akahama kazi, seva ikabaki. Jina lake ni kitu kama "test2-mpya-usifute". Nani ataizima? Ukiizima na ikatokea kuna kitu mahali kilikuwa kinaitegemea, Jumatatu asubuhi jina lako liko kwenye kila mdomo. Ukiiacha, hakuna kitu kitakachotokea kwako mpaka unastaafu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na seva hizi hazijapotea, ziko palepale zinawaka, kilichopotea ni daftari.

Huku kwetu kuna dawa ya kienyeji ya hilo tatizo: zima, subiri usikie nani atapiga kelele. Inafanya kazi kweli. Unachomoa waya wa mtandao kwanza, huzimi mashine, unasubiri mwezi, kama hakuna aliyelia unazima, unasubiri tena, ndio unafuta. Lakini hii inahitaji meneja atakayesema kwa maandishi, kabla, kwamba kelele ikitokea ni yangu mimi, kijana asiguswe. Nimefanya kazi chini ya meneja wa namna hiyo mmoja tu, na kwa miezi minne tulizima mashine ambazo zilikuwa zinaogopwa kama makaburi. Kelele zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kweli, tukarudisha waya kwa dakika tano. Nyingine alikuwa jamaa amehifadhi muziki wake.

Na wale wanaosema sisi tumehamia kwenye klaudi, yaani seva za kukodi kwa mtandao, hayo yametuishia, hapana bana, klaudi imerahisisha tu kuzaa. Zamani kupata seva mpya ilibidi ujaze fomu, usubiri miezi, ununuzi, boksi lije. Leo unabonyeza, dakika tatu unayo, na kuisahau ni rahisi kuliko kuisahau ile yenye boksi kwa sababu hii hata kuiona huioni. Angalau klaudi ina kitu kimoja kizuri, bili inakuja na majina, ukiamua kwamba kila mashine lazima iwe na jina la mwenyewe na tarehe ya kufa, na isiyo na jina inazimwa yenyewe Ijumaa, utashangaa jinsi watu wanavyokumbuka mali zao Alhamisi.

Lakini umeme wenyewe si ndio habari kubwa ya laptopu, na hili hata watu wa mazingira wengine wanalipita. Ripoti ambazo watengenezaji wenyewe wanatoa kuhusu laptopu zao zinaonyesha sehemu kubwa ya hewa ukaa ya maisha yake yote, mara nyingi robo tatu hivi, inatoka kabla hujaifungua kwenye boksi. Kuchimba madini, kutengeneza vipande, skrini, kusafirisha. Kwa hiyo laptopu ukiitumia miaka 6 badala ya 4 umepunguza theluthi nzima ya ule mzigo wa utengenezaji kwa kila mwaka wa matumizi, na hakuna kampeni ya kuzima itakayokupa hiyo kwa laptopu. Ukizima laptopu yako kila jioni halafu ukabadilishiwa mpya kila miaka mitatu, wewe mazingira yanakudai tu.

Na kwa nini zinabadilishwa? Watakwambia zimechoka. Hebu zifungue. Nimefungua nyingi sana, na karibu kila mara ni betri imechoka, au ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ndogo, au diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, unaweka diski ya SSD isiyozunguka na ramu ya kutosha, mashine inaamka kama imezaliwa upya na mwenyewe anakuuliza umenipa nyingine? Sikatai ziko zilizokwisha kweli, na ziko ambazo siku hizi ramu imechomelewa kwenye bodi huwezi kufanya kitu, ndio maana Ufaransa tangu 2021 inalazimisha laptopu ziuzwe na alama inayoonyesha zinatengenezeka kwa urahisi gani, na mtu wa manunuzi yeyote anaweza kuidai alama hiyo kama anataka. Ila sababu kubwa ya kubadilisha si ufundi. Laptopu kazini ni cheo. Mkurugenzi anapata mpya, nyembamba, ya kung'aa, kwa ajili ya kusoma barua pepe. Yule anayepiga mahesabu mazito ya data anarithi ya mwaka juzi. Mtu akipandishwa daraja anapewa mashine mpya kama ishara, na anayetembea na nene yenye mikwaruzo anaonekana bado hajafika. Utaiambia nini ofisi kama hiyo kuhusu taka? Umoja wa Mataifa kwenye ripoti yake ya 2024 ulisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu ni asilimia 22.3 tu. Nyuma ya sehemu ya mlima huo kuna fomu iliyosainiwa na mtu aliyetaka kufanana na mwenzake.

Kwenye hili naamini mfano wa juu unafanya kazi kuliko sera. Kulikuwa na mkuu wa idara mmoja aliyekataa kubadilishiwa laptopu yake. Wala hakutangaza, hakuandika barua. Alikuwa anakuja nayo kwenye vikao, ina bawaba moja imelegea kwa hiyo skrini inabidi aiegemeze na chupa ya maji, anaipanga taratibu watu wote wamekaa kimya wanamsubiri, halafu anafungua bajeti. Idara yake ndio iliyokuwa na maombi machache ya mashine mpya, manake utaanzaje kwenda kumwombea sahihi ya laptopu mpya mtu ambaye yake inashikiliwa na chupa? Nilimbadilishia bawaba baadaye, na nakiri nilijuta kidogo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inakataa mashine nyingi ambazo hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 au zina prosesa ya zamani. Hilo tatizo ni la kweli, silipuuzi, mashine isiyopata viraka ni mlango wazi. Lakini angalia ofisi zilivyolipokea, nyingi zilifurahi, zilipata sababu ambayo hakuna wa kuihoji. Kulikuwa na njia nyingine, kuna kulipia viraka vya ziada kwa muda, kuna kuweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye mashine ambazo kazi yake ni kufungua kivinjari tu, kuna kuzihamishia kazi zisizogusa mtandao. Hizo njia zinahitaji mtu akae afikiri mashine moja moja inafanya nini, na kufikiri hakuna bajeti, kununua kuna bajeti, na bajeti isipoliwa mwaka huu mwakani inakatwa. Hapo hata mimi ningekula.

Sasa kuna kundi la ushauri linalonikera. Futa barua pepe zako kuokoa sayari. Zima kamera kwenye kikao cha mtandaoni. Agosti 2025 sehemu kadhaa za England zilikuwa kwenye ukame, na serikali ikawaambia wananchi, pamoja na mengine ya maana, wafute barua pepe na picha za zamani kwa sababu vituo vya data vinahitaji maji ya kupozea. Watu walicheka na walikuwa na haki. Barua pepe iliyolala kwenye diski inakula kidogo mno, diski inazunguka iwepo isiwepo, na vifaa vya mtandao kwa sehemu kubwa vinakula umeme uleule uwe unapitisha video au hupitishi. Ubaya wa ushauri wa namna hii hauishii kwenye kutosaidia. Wafanyakazi wana akiba fulani ya uvumilivu kwa mambo ya mazingira, si kubwa, ukiitumia kuwafutisha barua pepe mchana kutwa ukija siku ya kuwaomba wakae na laptopu ileile mwaka wa tano utakuta akiba imeisha. Kile kikao cha mtandaoni chenyewe, kama kimemzuia mtu kupanda ndege, kimeshalipa na kamera zote zikiwa zimewashwa.

Niseme na la akili mnemba, hii AI, kidogo, manake hapa utamaduni unatengenezwa sasa hivi tukiwa tunautazama. Google ilisema Agosti 2025 kwamba swali moja la kawaida la maandishi kwa Gemini, akili mnemba yake, linakula wati saa 0.24, ambayo ni kidogo, monita inayowaka bure inaila kwa chini ya dakika moja. Kwa hiyo sitaki mtu anayemnyooshea kidole mwenzake kwa kuuliza swali. Tatizo liko kwenye wingi, na kwenye kuwekwa kila mahali bila mtu kuomba. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, linakadiria vituo vya data vilikula terawati saa 415 hivi (terawati saa moja ni kilowati saa bilioni) mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na vinaweza kufika 945 ifikapo 2030. Mchumi wa Uingereza William Stanley Jevons aliliona hili kwenye makaa ya mawe mwaka 1865, injini zikawa zinakula makaa machache kwa kazi ileile, na makaa yakaliwa mengi zaidi, kwa sababu kila mtu sasa alitaka injini. Na nimesikia ofisi ambazo zimeanza kuhesabu mfanyakazi ametumia akili mnemba mara ngapi kwa wiki, kama kipimo cha utendaji, aliyetumia kidogo anaitwa aeleze. Angalia tena anafokewa nani na kwa nini. Hizohizo ofisi zina ile stika ya kijani kwenye monita.

Nikiulizwa basi tufanye nini, huwa najibu vitu ambavyo havina picha nzuri ya kuweka kwenye jarida la ofisi. Weka mashine zilale zenyewe na uruhusu anayetaka kuikatalia setingi aikatalie, kwa sababu yuko mtu anayeacha mashine ipige hesabu usiku kucha na ana sababu. Sogeza apdeti ziingie mchana wakati mtu yuko kwenye chakula, na zikichelewesha kazi iwe inajulikana ni kosa la IT. Weka mstari mmoja kwenye malengo ya mtu wa IT unaohusu umri wa mashine anazozitunza, apimwe kwa kuzikuza badala ya kuzigawa. Bili ya umeme iende mahali mashine zinaponunuliwa.

Na mashindano ya idara kwa idara nani katumia umeme kidogo, hapo nenda polepole. Mwaka 2007 watafiti huko California waliwaambia wakazi wametumia umeme kiasi gani ukilinganisha na majirani, waliokuwa juu walishuka, ila waliokuwa chini walipanda, walijiona kumbe tumejibana bure. Ni wale wa chini waliowekewa na kakikaragosi ka tabasamu ndio waliobaki chini. Ofisini ni mbaya zaidi kwa sababu idara yenye mafundi wa video haiwezi kushinda na idara ya sheria, na mtu akishaona mchezo haumhusu anauchezea, nimeona watu wanachomeka laptopu zao kwenye soketi za idara jirani, sikutanii.

Yule dada wa uhasibu bado yupo. Tulichokuja kufanya baadaye, baada ya ule uvumilivu wa stika kutuishia, ni kuzilaza mashine za ghorofa yake kila zikikaa dakika 20 bila kuguswa, na kuziamsha saa nane usiku zipokee apdeti, ukiondoa saba zilizokataa kuamka ambazo tulizibadilishia muda zikawa zinapokea mchana. Hatukutuma barua pepe. Miezi kadhaa imepita nimepita pale kumrekebishia printa, kale kajani kameshadondoka, ile stika ya mwandiko wangu bado imeng'ang'ania. Akaniuliza kwa utani, "Kaka, ile kampeni yenu iliishia wapi? Mimi mwenzio mpaka leo sizimi." Nikamwambia najua dada, nikaendelea na printa.